Kikwembe Juu ya Paa la Kiwanda

Nchelenge, 4 Agosti 2025

Kwako Mama mpendwa, Delphine, Kilwa ya Kongo,

Nakusalimu kutoka ng'ambo hii ya Ziwa Mweru. Natumaini mgongo umekuonea huruma majuma haya, na kwamba biashara ya mawese inakwenda. Mimi ni mzima na sijakonda, hata kama Valère atakuambia vinginevyo atakapokukabidhi barua hii. Nahodha wako yule humhesabu mgonjwa kila mtu asiyekula bukari, huo ugali wenu, mara mbili kwa siku. Najua ungependa nipige simu, lakini simu ya kuvuka mpaka hukatika kabla sijaimaliza hoja yangu ya kwanza, na leo hoja zangu ni nyingi.

Mama, Bwana Kabamba amekubali! Taa zote za kiwanda chake cha barafu zitang'olewa, na mahali pake tutafunga za LED: ukumbi wa kupasulia samaki, chumba cha baridi, gati, hata ile kubwa ya juu ya paa inayotazama ziwa. Mpango nimeuandika mimi, na kazi nitaisimamia mimi. Haitabaki hata moja ya zamani. Nimeapa.

Usidhani alikubali kwa urahisi. "Kijana," aliniambia, "taa ikiwaka si inatosha?" Nikamjibu kwamba kuwaka ni jambo moja na kumulika ni jambo lingine, na kwamba historia ya viwanda, kwa jinsi nilivyoisoma, ni historia ya watu waliochanganya mambo hayo mawili. Tunalipia umeme ili chumba kiwe baridi, kisha tunaning'iniza ndani yake taa zinazotoa joto kama majiko! Ni sawa na kumwogesha mtoto aliyekaa kwenye matope. Hapo alicheka, nami nikajua nimeshinda.

Lakini hoja iliyommaliza ilikuwa ya wanawake wa Mama Eneless, wanaopasua samaki. Umeme ukikatika, jenereta huwaka upesi, ila taa hizi za zamani hazikubali kuamka mpaka zipoe kwanza. Basi wanawake husimama gizani, visu mikononi, wakiimba ili kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Nilimuuliza Bwana Kabamba kama hicho ni kiwanda au ni kwaya.

Najua kiti cha kazi ulichoniwekea dukani kwa Mjomba Michée huko Lubumbashi bado ki wazi. Najua pia ulichomwambia Valère: kwamba mtu hasomei umeme chuo kikuu ili aje kupanda ngazi. Sitabishana nawe kwa barua. Njoo uone.

Mwanao,
Chewe

*

Kilwa, 13 Agosti 2025

Chewe mutoto wangu,

Jambo yako. Habari ya kifua? Unafunika mwili usiku? Sisi huku tuko bazima. Mgongo inauma asubuhi, kisha inasahau. Dada yako Stéphanie anakusalimia, anasema umuletee mukeka ya kule.

Barua yako nilisoma peke yangu, kisha Valère akaisoma kwa sauti mu soko, maana Kiswahili yako inavaa koti na tai, batu banapenda kuisikia. Mama wa chumvi akauliza: "Chewe anaoa?" Nikamujibu: "Ndiyo, anaoa taa." Bote bakacheka mpaka mawese yangu ikamwangika.

Bon. Sasa tuseme ya kweli. Tangu tulizika baba yako kule Kafutuma, muguu yangu haijagusa upande ule. Nilikasirikia ile inchi. Ilinikamatia bwana, sasa inanikamatia mutoto. Wewe unabisha na mimi kuhusu kiti ya Michée, lakini kiti si kitu. Mimi ninataka kujua kama kule kuna mutu anakuhitaji, ao ni wewe tu unakuwa na kichwa nguvu.

Ile taa ya juu ya paa ninaijua. Nilipovuka kuwa bibi arusi, ilikuwa jioni, nilishika bwato na mikono mbili nikilia. Baba yako akanionyesha kitu kama moto, chini kabisa juu ya mayi ya ziwa. Akasema: "Delphine, acha kulia, kwetu ni pale." Mimi nilifikiri ni mwezi inatoka.

Basi nitakuja. Nikiona kama ile batu banakuhitaji kweli, nitamuambia Michée atoe kiti kwa mutu mwingine. Nikiona unacheza na ngazi tu, utapanda bwato pamoja na mimi, na hautabisha. Umesikia? Hautabisha.

Ninakutumia kikwembe, kitenge ya rangi ya chungwa, ya kutandika mu meza ya wageni. Ninakujua, bila hiyo utatandika gazeti.

Mama yako, anayekungoja huku

*

Nchelenge, 8 Septemba 2025

Mama yangu,

Salamu za moyo. Mgongo waendeleaje? Mimi niko salama salimini, ila mikono imejaa malengelenge, nami najivunia kila lengelenge.

Ungeuona ukumbi! Siku tuliyowasha safu ya kwanza, wanawake waliacha visu wakatazama juu kama watu waliofunguliwa paa. Kisha Mama Eneless akatazama chini, akaona mikono yake, akapiga kelele: "Chewe, baba! Umenizeesha! Jana sikuwa na makunyanzi haya!" Nikamweleza kwamba nuru haiumbi kitu, hudhihirisha tu. Akaniambia nikadhihirishe mbele huko.

Juzi umeme ulikatika wakiwa kazini. Wakaanza wimbo wao, lakini jenereta ikaitika na taa zikawaka papo hapo, kabla hawajamaliza mstari wa kwanza. Kisha kicheko ambacho nadhani ulikisikia huko Kilwa. Tangu hapo wananidai wimbo wao. Mama Eneless anasema nimewapa mwanga nikawanyima kwaya, na kwamba mtu mmoja hana haki ya kupewa shukrani na kulaumiwa vyote kwa mkupuo. Nimebishana naye, bila mafanikio.

Imebaki taa ya juu ya paa. Niwie radhi, Mama, siwezi kukubaliana nawe kuhusu hiyo. Kumbukumbu yako naiheshimu, lakini taa ile ni aibu: nusu ya mwanga wake inawamulikia popo, na rangi yake humfanya samaki, mtu na ukuta kufanana. Sipendi hoja isemayo kitu kibaki kwa sababu kimezoeleka. Kwa hoja hiyo tungekuwa bado tunasafiri kwa makasia. Nitaishusha kwa mikono yangu siku ile ile utakayokuja, ili nuru yake mpya iwe yako kwanza.

Uzinduzi ni Jumamosi, tarehe ishirini. Bwana Kabamba atahutubia, wanawake wamekubali kuimba bila kulazimishwa na giza, na kikwembe chako kitakuwa mezani. Nakuomba jambo moja: usije asubuhi. Mwambie Valère aondoke mchana, mfike usiku ukiwa umeingia. Mwezi hautakuwapo. Nataka ukione kiwanda kwanza kutoka majini, cheupe chote, kama baba alivyokuonyesha zamani. Kisha utaamua.

Mwanao mwenye haraka,
Chewe

*

Nchelenge, Jumapili, 21 Septemba 2025

Mama,

U mzima? Leo swali hilo si la desturi. Nijibu kwa njia yoyote.

Tulisimama gatini jana hadi wageni wakaanza kuondoka. Simu yako haipatikani, wala ya Valère. Bwana Kabamba aliikunja hotuba yake akaitia mfukoni, akatuma boti mbili kuwatafuta kabla sijamwomba. Barua hii nimeinakili katika karatasi tatu: moja inakwenda na wavuvi, moja Kafutuma, moja na lori la samaki linaloelekea Puta, maana upepo ulisukuma upande huo.

Nimejua kilichotokea. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimekitazama kiwanda jioni nzima, nikijisifu, mpaka nikageuka nikakipa mgongo ili nione unachokiona wewe. Ziwa lilijaa taa. Wavuvi wa chisense, dagaa wavuliwao kwa taa, walikuwa kazini, kwa kuwa giza ndilo msimu wao, na siku hizi wote wanatumia LED. Nyeupe, Mama. Nyeupe kama zangu, makundi kwa makundi, hadi upeo wa macho. Kwa mtu aliye majini, Nchelenge imekuwa kundi moja zaidi la wavuvi. Katika ukingo huu wote kulikuwa na nuru moja tu ya rangi ya chungwa, nami niliishusha mchana ule ule, kisha nikakuagiza uje gizani.

Taa ya zamani ilipasuka nilipoishusha, haiwezi kurudi. Taa ya LED ya rangi hiyo ipo, lakini iko Kitwe. Basi nimepanda paani na kikwembe chako. Nimekivuta mbele ya taa mpya, nikakifunga kwa waya pembe zote. Taa ya zamani ingekiteketeza. Juu ya kioo cha hii niliweka kiganja nikasubiri, ni vuguvugu tu. Hakitaungua.

Kila usiku itawaka mpaka ufike. Msifuate nyeupe. Tafuteni rangi ya chungwa.

Mwanao,
Chewe

*

Kilwa, 2 Oktoba 2025

Chewe mutoto wangu,

Jambo yako, na jambo ya batu bote ya kiwanda. Tulifika salama. Mgongo iko muzuri, inashangaza.

Siku zile zote nilikuwa kwako ulikuwa unaniuliza, asubuhi Mama umeamua nini, jioni Mama umeamua nini. Nikakujibu nitaandika. Maana ukisikia neno kwa mudomo, unabisha hata kama mutu anakubali.

Kwanza nikuambie kitu niliona haya kusema kule. Ile Jumamosi, Valère aliona taa nyingi nyeupe, akasema: "Mama Delphine, ndiyo Nchelenge ile! Mutoto wako amefanya kazi!" Nikasimama mu bwato nikapiga makofi. Nikaimba hata. Tukafika karibu: bavuvi ya chisense. Mimi nikamuuliza mumoja: "Chewe eko wapi?" Akanijibu: "Chewe gani? Mama, unafukuza samaki." Tukaenda kwa taa zingine, nikapiga makofi tena. Bavuvi tena. Ni vile tulizunguka mpaka simu ikalowa, mafuta ikaisha, upepo ikatutupa Puta.

Karatasi yako ilitukuta pale, tukitafuta mafuta. Valère akasema tungoje kuche, tupite kandokando, tufike na jua. Hiyo ilikuwa akili. Lakini mimi nikamuambia: "Mutoto wangu ameandika itawaka usiku. Tunaenda usiku." Akaniuliza kama ninapenda kufa. Nikamuambia panda bwato.

Tukaacha zote nyeupe. Nilishika bwato na mikono mbili, sikulia. Kisha nikaiona, chini kabisa juu ya mayi. Mutu mwingine angesema mwezi. Mimi nilijua kikwembe yangu, nilichagua ile rangi mwenyewe mu soko. Alafu nikasikia Mama Eneless na benzake, beko gatini, banaimba kwa sauti yote, ili tujue beko wapi.

Chewe, ile bamama habakukuwa na kazi usiku ule. Nilimuuliza Eneless kwa nini alikuja kusimama mu baridi. Akasema: "Ni mama wa Chewe wetu." Mimi nikasema, wenu? Akasema, wetu. Tukaangaliana. Nikamushika mukono, mimi mwenye kukuzaa.

Basi. Kiti ya Michée nimempa Stéphanie. Ameanza Jumatatu, tayari anabisha na wateja, ni damu yenu.

Ile taa ya rangi uliagiza Kitwe, ikifika, funga. Na kikwembe ukishusha, usinirudishie. Weka mu meza, maana nilipofika nilikuta gazeti. Giza ya mwezi ya kisha Noeli nitavuka tena. Jioni, si asubuhi. Valère analalamika, muache alalamike.

Mama yako, anayekuja huko