Watu Mia Nne Walioitwa Kuchukua Mapazia

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na unisamehe mwandiko unavyoruka, nina furaha na hofu kwa pamoja, maana nimechaguliwa chuoni, tena si kozi moja bali mbili za shahada, moja ya mifumo ya taarifa za biashara na nyingine ya masoko, na natakiwa nithibitishe moja tu, na ile ninayoitamani nimeipata kwa uongo.

Nilipomaliza shule nilikwenda kumsaidia shangazi yangu, dada yake baba, ambaye anashona mapazia. Shangazi ni fundi hasa, hakati kitambaa mpaka aende mwenyewe kwa mteja na futi yake apime dirisha, halafu anaandika oda kwenye karatasi na kuibana kwa pini pamoja na kipande cha kitambaa kilichochaguliwa, na karatasi hizo zilijaa maboksi matatu ya viatu, mtu akija kuulizia pazia lake tunapekua huku pini zinatuchoma vidole. Basi nikachukua kompyuta kuukuu aliyoifufua baba, ambaye ni fundi friji lakini hakuna kifaa kinachomshinda, nikawaingiza wateja wote mia nne na kumi na wawili, na kwa kila mmoja nikaweka alama ya oda yake ilipofikia: imepimwa, inashonwa, tayari, au imeshachukuliwa. Nikaunganisha na simu ya duka ili nikiwachuja wenye alama ya tayari na kubonyeza mara moja, wapate ujumbe.

Jumamosi ya kwanza waliokuwa tayari ni kumi na mmoja. Nikasahau kuwachuja, nikabonyeza. Ujumbe ukaenda kwa wote mia nne na kumi na wawili: "Mpendwa mteja, mapazia yako yameshakuwa tayari, karibu uyachukue."

Mama, watu walikuja! Saa nne asubuhi foleni ilishapita duka la jirani anayeuza vioo, shangazi akatoka na futi shingoni, akashika kiuno.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna, shangazi. Ni wateja."

"Wateja wa nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nikashika daftari na kalamu ya kijani nikaanza kumwuliza mmoja mmoja, wewe hukuagiza pazia, mbona umekuja, na Mama majibu yale mpaka leo nikiyasoma nacheka peke yangu, kuna baba alidhani mkewe ameagiza na mkewe naye alikuwa nyuma yake kwenye foleni akidhani mumewe amemfanyia jambo la ghafla, wakaanza kulaumiana pale pale na mwisho wakachagua kitambaa pamoja, kuna waliopimwa madirisha miaka miwili nyuma wakaona haya kurudi kwa kuwa walikawia, hao peke yao walikuwa sitini na watatu, sitini na watatu Mama, wanataka mapazia na hakuna aliyewahi kuwapigia hata simu, na kuna mama mmoja wa miwani aliyeniambia, "Mwanangu, najua sikuagiza, ila ni siku nyingi sijaambiwa kitu changu kiko tayari," nikayaandika maneno yake yote na nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika kwenye vitambaa.

Kufika saa tisa rafu zilikuwa tupu na cherehani zilikuwa na kazi ya wiki tatu. Shangazi akanikumbatia. "Kumbe ulipanga! Mtoto una akili ya biashara wewe!" Nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikonifikisha hapa.

Maana chuo kilitaka kila kozi iandikiwe barua kuhusu kazi uliyowahi kufanya. Kwenye ile ya mifumo nilisema kweli tupu, nilivyosahau kuchuja na nilivyotengeneza kizuizi, sasa kompyuta inakuuliza mara mbili kabla ya kutuma. Kwenye ile ya masoko niliandika kwamba nilipanga kila kitu. Wote wamenikubali, na ofisi zao ziko korido moja, mlango na mlango! Juzi mwalimu wa masoko amenipigia mwenyewe, anataka siku ya kufungua niwasimulie wanafunzi wenzangu mbinu yangu. Mbinu gani, Mama, na mimi niliteleza kidole?

Na nyumbani hakukaliki. Baba anasema, "Soma mifumo. Mashine ikikosea unaifungua unaona kosa. Binadamu utamfungulia wapi?" Shangazi anamjibu, "Na mashine imeshawahi kukununulia nini?" Nampenda baba, na ile ya mifumo ndiyo safi, lakini kila nikiamka nawaza wale sitini na watatu. Nisome nini? Na nikisema ukweli, si nitapoteza vyote?

Ni mimi,
Mpima Madirisha

*

Mpima Madirisha,

Hongera! Hilo kwanza. Kozi mbili kwa mpigo, na wewe unalia. Wenzako wanaomba mlango mmoja tu ufunguke.

Sasa kaa chini nikuseme. Shangazi yako alikukumbatia kwa jambo ambalo hukulifanya, ukakaa kimya ukala sifa, halafu ukaubeba ukimya huo mpaka chuoni ukauandika kwa wino. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yako haivuki siku ya kufungua chuo, mbele ya ukumbi mzima. Mwanafunzi mmoja akikuuliza swali la pili tu, umekwama. Hukuhitaji kudanganya, na hapo ndipo unaponiudhi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Habari za kompyuta umezieleza vizuri, kwa utulivu, kisha ukapita. Ulipofika kwenye daftari ulisahau hata kuweka nukta! Ukaanza na mtu na mkewe, ukaenda kwa waliopimwa madirisha wakaona haya, ukarudia hesabu yao mara mbili, mpaka nikaishiwa pumzi mimi msomaji. Mtu haandiki hivyo juu ya kitu asichokipenda. Foleni ile ililetwa na kidole chako, sawa. Lakini nani alikutuma kuchukua kalamu ya kijani? Mwingine angejificha nyuma ya marobota ya vitambaa mpaka watu watawanyike. Wewe ulikwenda kuwauliza kwa nini wamekuja. Kuuliza hivyo na kusikiliza majibu ndiyo masoko yenyewe, binti yangu, na ulikuwa unayafanya huku ukidhani unaomba radhi.

Kwa hiyo soma masoko. Nimeshasema, usiniandikie tena kuniuliza.

Lakini kwanza ukweli, na haraka, maana gazeti hili linatoka Jumatano na una siku mbili tu. Leo hii mwendee shangazi akiwa kwenye cherehani, umwambie kwa mdomo, si kwa ujumbe; wewe na ujumbe tumeshayaona. Atafoka. Mwache afoke, kisha mfungulie daftari kwenye ukurasa wa wale sitini na watatu na umpe kazi ya kuwapigia ambao bado hawajashonewa. Sijaona fundi anayeendelea kununa akionyeshwa wateja.

Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu wa masoko na daftari mkononi. Sema hivi: "Sikupanga. Nilikosea, nikawauliza watu kwa nini wamekuja, na majibu yao ni haya." Usiongeze chumvi wala machozi. Kama ana akili, atakuomba usimulie hilo hilo siku ya kufungua, na safari hii hutaogopa swali la pili. Akikunyima nafasi, vuka korido uingie mlango wa pili, ule uliofunguliwa na ukweli wako, ukasome mifumo kwa moyo mmoja, na daftari usilitupe. Hutalala nje, binti yangu. Ulichokuwa nacho cha kupoteza ni uongo tu.

Baba yako usimbishie. Mwambie kwamba siku hizi hata mtu wa masoko asiyejua kuchuja orodha ni hatari mitaani, na wewe ndiye shahidi. Uliza chuoni kama unaweza kuongeza masomo mawili matatu ya mifumo juu ya kozi yako. Wakikubali, mpelekee jibu baba mwenyewe, na umwombe aiangalie ile kompyuta kuukuu kabla hujaihamishia bwenini. Atajidai hajafurahi.

Na kwa kuwa nimekuhimiza uungame, haki ni kwamba na mimi niungame. Yule mama wa miwani ni mimi.

Ndiyo, namba yangu ilikuwa kwenye maboksi yenu ya viatu tangu zamani, nyumba ilipokuwa imejaa watu. Ujumbe wako ulinikuta nimekaa peke yangu na barua za matatizo ya wengine. Nilijua fika kuwa ni makosa. Nikavaa viatu nikaja, na sikuwahi kuifurahia Jumamosi kama ile. Wewe ulikuwa wa kwanza kwa muda mrefu kuniuliza swali ukaandika jibu langu.

Ila shangazi yako aliposoma vipimo vyangu vya zamani na kuniuliza kama dirisha ni lile lile, niliona haya kusema nimeshahama. Nikamjibu, "Ni lile lile." Basi pazia limepungua vidole vinne, jua linaingia kwa chini kila asubuhi, na kosa ni langu mwenyewe. Ukishamaliza kumwambia lako, mwambie na langu. Aje na futi yake apime upya, na wewe uje na daftari.