Hodi ya Kupe

Jumatatu, 4 Juni 1979
Pafu tena kutoka Kariakoo. Nimelichemsha, nimelikatakata, nimejaza mfuko wa kaptura. Natoka nje ya geti la karakana, naita "Hodi!" Kupe akibweka, kipande. Asipobweka, hapati. Leo kanitazama tu. Mwenyekiti wa ushirika wetu wa maseremala ndiye aliyempa jina hilo: eti mbwa huyu anakula jasho la wenzake. Asipoanza kulinda mbao, wataitwa watu wa bunduki. Namchukia mzee yule.

Alhamisi, 7 Juni
Kabweka! Mama Zuhura, muuza uji, kapiga hodi getini, Kupe karuka juu. Nimempa vipande viwili. Nimefurahi kama mtoto.

Jumamosi, 9 Juni
Mwenyekiti kaja kumjaribu mwenyewe. "Hodi wenyewe!" Kupe kabweka, kelele mpaka kule relini. Mzee kacheka. Kupe amepona.

Jumanne, 12 Juni
Tumeibiwa. Mbao za mninga, zile za madawati ya shule. Seng'enge ya nyuma imekatwa. Kupe tumemkuta amelala palepale, mzima, hana hata mkwaruzo. Mwenyekiti akamtukana mbwa, akanitukana na mimi. Mama Zuhura akauliza, "Kwani mwizi anapiga hodi, fundi?" Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kosa langu. Mbwa kafanya alivyofundishwa.

Jumatano, 13 Juni
Nimeanza upya. Naruka seng'enge kimyakimya, nataka abweke. Anatikisa mkia, anangoja neno lake. Nimemwomba Mwenyekiti wiki moja tu. "Kupe ni kupe, ndugu." Kesho watu wa bunduki wanakuja. Nitamfukia kwenye maranda nyuma ya stoo. Akinyamaza, watadhani katoroka.

Alhamisi, 14 Juni
Alinyamaza. Alinyamaza vizuri kabisa, sikio tu lilikuwa linaonekana. Nikaanza kupumua. Wale watu wakafika getini na bunduki yao, wakasimama kama wageni wenye adabu.
"Hodi!"
Akatoka mbio, maranda mgongoni, anabweka. Wao hakuwatazama. Alinitazama mimi. Mfuko wangu.

Jumatatu, 18 Juni
Kazi kidogo. Nimepiga randa mbao mbili. Kaptura nimeifua, bado inanuka pafu.
Saa ya uji Mama Zuhura alifika getini, akasimama kidogo. Kisha akaingia bila hodi, akaniwekea kikombe juu ya benchi, akaenda zake.