Thelathini na Tatu ya Papa

Walikale, 3 Februari 2024

Papa yangu mpendwa,

Jambo sana. Habari ya nyumbani, ya magoti ya Mama, ya ng'ombe? Mimi ni mzima, ila joto la pori hili linanipika; sisi wa milimani hatukuzaliwa kwa hili.

Isidore wa moto anakuletea kisanduku kwa pikipiki yake. Usikicheke, nimekitengeneza mwenyewe katika laboratwari ya shule. Ndani kuna mikrokontrola, yaani kiakili kidogo kinachofuata amri, na amri zenyewe nimeziandika mimi. Mwalimu ametaka kila mmoja wetu atengeneze chombo cha kazi ya kwao. Ya kwetu ni fromaji yako, ile ambayo vitabu vinaiita jibini.

Unapopasha maziwa, chovya ule waya wenye ncha ya chuma, kisha ingiza mkono kama siku zote. Mkono ukisema "sasa", soma namba ya joto, uiandike. Ninataka kisanduku kijifunze kwako.

Binti yako, Emérita

Muheto, 2 Machi

Emérita mama,

Salamu nyingi. Sisi tupo kwa neema ya Mungu. Magoti ya Mama yako yanalalamika kuliko mwenyewe.

Kisanduku nilikiweka juu ya kabati, mbali na kuku. Wiki ya kwanza kilisema 33, 33, 34, 33, 33. Nikamwita Mama yako: "Kuja uone, mashini iko inajifunza kwangu!" Halafu wiki ya tatu kikaanza uongo: 38, 29, 41. Mtoto wangu, kazi hii nilifundishwa na marehemu baba yangu, na mkono huu haujawahi kukosea. Chombo chako kinaumwa. Ninakirudisha, ukitibu.

Usivunjike moyo. Fromaji yangu ya kwanza nayo walikula nguruwe.

Papa yako

Walikale, 20 Machi

Papa,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Mama amepata dawa ya kuchua?

Siku sita nimekuwa nikikifungua na kukifunga. Nimebadilisha waya, nimechomelea risasi upya, nimeandika programu tena tangu mstari wa kwanza. Nikachovya waya wake katika barafu ya mama muuza soda: sifuri. Nikauweka kwapani pamoja na kipimajoto cha wagonjwa wa santé: namba ileile. Nikalia. Mwalimu akashangaa: "Emérita, uko mutoto wa namna gani? Kitu iko nzima, na wewe unalia?"

Nililia kwa sababu ni kizima, Papa. Nilitamani sana kiwe kibovu.

Nisamehe swali hili, si utovu wa adabu: vidole vyako bado vinasikia?

Binti yako

Muheto, 9 Juni

Emérita,

Salamu. Mama yako ni mzima.

Barabara ilifungwa, ni kweli. Lakini hata ingekuwa wazi nisingeandika.

Ilianza Desemba, vidole viwili. Februari nilikuwa bado na kiganja. Sasa kiganja nacho kimenyamaza. Niliungua kwa sufuria nikajua kwa harufu. Maziwa ya mara tatu nimeyamwaga, nikamwambia Mama yako kwamba ng'ombe walikula majani mabaya. Ng'ombe wa watu nikawasingizia. Tangu Mei sufuria imefunikwa, na watu wanaulizia fromaji yangu, ninajificha shambani.

Muntu wa fromaji bila mkono ni nani? Ninaogopa, mama. Basi nimeandika.

Papa yako

Walikale, 25 Juni

Papa wangu,

Asante kwa kuniambia. Barua yako ninatembea nayo.

Kwanza: nenda santé wakupime damu. Muuguzi wa huku anasema huenda ni sukari ao kitu kingine, na kuna dawa. Nenda wiki hii. Ninakuomba kwa magoti mawili yasiyoumwa.

Pili: kisanduku kinarudi kwako na taa mbili. Ya kijani ikiwaka, maziwa yamefika, weka dawa ya kugandisha. Nyekundu ikiwaka, maziwa ni ya moto mno, usichovye mkono kabisa.

Vitabu vina namba zao. Mimi nimeweka 33, ile ya wiki yako ya kwanza. Mkono wako uliniandikia kabla haujanyamaza, Papa, na mimi nimeutunza humo. Katika ripoti, mahali pa kusema namba ilitoka wapi, nimeandika: mkono wa Papa Evode, Muheto. Mwalimu alisoma mara mbili, akaiacha.

Ninakupenda.

Emérita

Muheto, 18 Agosti

Emérita mama,

Salamu kutoka kwetu sote, na ng'ombe wamenisamehe.

Nilipimwa santé, njo sukari kweli. Ninameza dawa, na chai ninakunywa chungu nikiwa nimekunja uso.

Julai nilifunua sufuria. Taa ya kijani ikawaka. Nikaingiza mkono vilevile, kwa heshima ya kazi. Sikusikia kitu. Nikaiamini taa, nikaweka dawa ya kugandisha, Mama yako akiwa amesimama mlangoni.

Isidore anakuletea fromaji ile ya kwanza, imeshakomaa. Hakuna aliyeionja. Ikate, halafu uniambie ni ya nani. Ukweli mtupu.

Papa yako

Walikale, 21 Agosti

Papa,

Nimeionja kabla ya kukusalimia, uniwie radhi.

Ni yako.

Binti yako