Sanduku Tupu la Papa Yako

Furaha, mujukuu wangu, jambo. Hapa Bagira tuko wazima, ila miguu yangu haitulii tangu uondoke. Unauliza sababu gani papa yako aliacha nafasi mu valizi yako ya nguo.

Wakati wa vita alitujengea mashua ya tanga mu parsele yetu, pale kando ya nyumba. Mwana wangu, fundi kupita wote! Nyuma akatengeneza masanduku mawili ya kukalia. Moja nikalijaza sufuria. La pili akalifunga kwa misumari na gudroni ya kuzuia maji, tupu.

"Mama, hewa nayo ni muzigo."

Nikamutukana.

Tulipokimbilia kisiwa cha Idjwi, mawimbi ya ziwa yalijaza mashua maji. Sufuria tukazitupa, sanduku tupu likatushikilia juu mpaka ng'ambo.

"Mama, sasa nitukane tena."

Nilimutukana, huku nalia.

Siku uliyoondoka, nilitaka kuongeza unga mu valizi. Papa yako akasema tu: "Mama, kumbuka Idjwi." Nikautoa.

Koko yako, mama ya fundi