Kengele ya Uji

Jumanne, baada ya chakula cha jioni

Kosa lilikuwa langu. Shule zimefungwa kwa sababu ya korona, na kila asubuhi mdogo wangu Zuhura alikuwa akivaa sare na kulia mlangoni. Nikadhani nikiificha hiyo sare atasahau. Badala yake alikaa siku mbili bila kula. Ana miaka minane, ana usonji, na hasemi.

Jana mama aliporudi kutoka dukani Gongoni aliuliza, "Hata uji?"

"Hata uji, mama."

Aliketi bila kuvua barakoa. Niliogopa kumwambia kuhusu sare, lakini nilimwambia.

Leo asubuhi nilimrudishia Zuhura sare yake. Alivaa, akabeba begi, akasimama. Ndipo nikakumbuka kwamba shuleni kwao uji hunywewa saa nne, kengele ikishagongwa. Nikaning'iniza jembe bovu kwenye mpera, na saa nne nikaligonga kwa nondo kama mwalimu wa zamu.

"Kuna nini huko? Msiba?" jirani yetu Bibi Mwajuma akapaza sauti.

"Uji, bibi! Shikamoo!"

"Marahaba. Mtatuua kwa presha."

Zuhura alikuja mwenyewe na kikombe, akasimama kama yuko kwenye foleni. Mama naye akachukua kikombe chake mwenyewe, akajipanga nyuma yake.

Zuhura alikunywa vikombe viwili.

Jumamosi shuleni huwa hakuna kengele, na sijui tutafanyaje. Lakini kesho ni Jumatano.