Kinu Bila Mchi

Likoni, Jumatano usiku, 1961

Wallahi sijuti. Kinu cha marehemu mama yangu, mume wangu Salimu amemuuzia Bi Zena wa mtaa wa pili, kisha aniambia, "Si hakitumiki? Unga twanunua dukani."

Mchi aliusahau nyuma ya mlango. Niliushika, nikampiga nao mkononi mpaka mfupa ukalia. Alipoanguka nikamwongeza wa mgongo. Majirani ndio waliotuamua.

Sasa amelala akigumia, mkono umevimba kama muhogo. Mkono huo ndio ubebao magunia bandarini. Kesho tutakula nini, sijui. Na akipona, mimi...

Magharibi alikuja Bi Zena, hajui lililotokea. "Mwanangu, nimefuata mchi wangu."

Nikamwambia, "Mchi hauuzwi, Bi Zena. Huu bado watumika."