Kwa Mama Zege, Uliyejua Kungoja

Ni mwaka mmoja sasa tangu uweke chini mwiko wako wa uashi na kututoka, Mama Zege, na nyumba yako bado inajaa watu kama ulivyopenda. Viti havitoshi. Dada yako kakalia ndoo yako ya kazi. Tumemwambia ainuke, kagoma.

Tukupe habari za mtaa kwanza, maana ungeziuliza. Yule jirani aliyekuwa akisema mwanamke akipanda jukwaa la ujenzi nyumba itapinda, nyumba yake ina ufa kuanzia mlangoni hadi darini. Alijengewa na wanaume watatu. Hatujacheka. Haya, tumecheka kidogo.

Nyumba ulizojenga wewe tumezipitia na timazi yako, kile kichuma chako cha kuning'iniza kwenye uzi. Miaka thelathini ya kazi, na kuta zimesimama wima kama shahidi mkweli. Tunatembea vifua mbele, Mama, na hatuombi radhi.

Wateja walikuogopa kwa jambo moja. Ukishamwaga zege la juu, hakuna wa kukuharakisha utoe mirunda, zile nguzo za miti zinazolishikilia. Ulipanda na ndoo kila asubuhi, ukalimwagia maji, ukakaa.

"Fundi, siku ya kumi hii! Nina wageni!"

"Walale mlikokuwa mnalala. Mimi namwagia maji tu, baba. Zege hukaza lenyewe. Kukaza si kazi yangu."

Watu walidhani ulizaliwa na subira. Sisi wa ndani tunajua. Nyumbani ulikuwa hukai! Chai ulikunywa umesimama. Hata kanisani uliinuka katikati ya mahubiri kwenda kunyoosha benchi lililokaa upande.

Kisha kitinda mimba wako, fundi mwenzako, akaanguka kutoka jukwaani. Daktari akasema kichwa kimetikisika vibaya, wao wamefanya lao, kilichobaki ni kungoja. Kungoja, sisi? Korido ikafurika. Huyu ana dawa ya mizizi, yule anajua hospitali nyingine, binti yako mkubwa anagombana na muuguzi. Nawe, siku ya tatu, ukatoroka. Baba akakukuta kazini, peke yako, unapandisha ukuta kama unayefukuzwa.

"Mama watoto, hebu shuka."

"Nikikaa nitapasuka."

Baba ni fundi cherehani, lakini mstari ulionyooka anaujua. Akautazama ukuta, akaunyooshea kidole. Ukageuka, nawe ukauona. Umepinda kiasi kwamba hata mpita njia angejua. Timazi ilikuwa mfukoni mwako. Maisha yako yote ya kazi, ndiyo siku pekee uliyosahau kuitoa.

Ukaketi juu ya matofali, ukalia. Kisha ukasema maneno ambayo Baba ameyatunza: "Mungu wangu, kukaza si kazi yangu. Wateja nawaambia kila siku, mwenyewe sijasikia."

Ukaubomoa ukuta ule hadi tofali la chini. Ukanawa mikono, ukarudi wodini, ukavuta kigoda. Shangazi zetu wakakujia na ushauri wao, wote kwa pamoja.

"Jamani," ukasema, "maneno yangekuwa yanaponya, ukoo huu ungekuwa na hospitali saba. Anayetaka kukaa, akae. Anayetaka kuongea, nje kuna hewa."

Hakuna aliyewahi kuunyamazisha ukoo wetu kabla ya hapo. Hakuna.

Kila asubuhi ulilowesha kitambaa, ukampangusa midomo, ukaketi viganja vikiwa wazi mapajani. Daktari hakukuahidi kitu, nawe hukumsukuma Mungu akujibu. Binti yako mkubwa akashindwa kuvumilia, akakuuliza, "Na asipoamka?"

"Atakuwa mikononi mwa yule yule. Kaa, mwanangu."

Akakaa. Alinyamaza saa nzima, na mpaka leo mtaani hawaamini.

Siku ya kumi na tisa mwanao akafumbua macho. Akakutazama umetulia pale kigodani, akashtuka, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, nani kafa?"

Ulicheka hadi muuguzi akaja mbio.

Zamu yako ya kulazwa ilipofika, tuliijaza ile korido tena, safari hii kimya. Tuliomba upone. Hukupona. Tulikaa nawe tu, mikono wazi, kama ulivyotuonyesha. Ukatupitisha macho mmoja mmoja, jinsi ulivyokuwa ukikagua ukuta kabla ya kuusifu, ukasema, "Sasa mmenyooka." Hatujawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Timazi anayo kitinda mimba wako. Wiki iliyopita kamwaga zege lake la kwanza bila ya kusimamiwa na mtu. Mwenye nyumba anapiga kelele, ana haraka zake. Kijana kapanda na ndoo, kamwagia maji, kakaa. Wapita njia wakanyoosha vidole: "Yule? Yule ni wa Mama Zege."

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani, ambaye sasa hunywa chai yake amesimama, eti kwa niaba yako. Na mabinti zako wawili, yule wa mdomo na yule wa upole. Na mwanao uliyemngoja. Na wajukuu, wakwe, shangazi zetu wote, mafundi wa jukwaani, na dada yako, ambaye ndoo bado hajaiachia.

Daima tutakukumbuka, Mama. Na pale tutakaposhindwa kutulia, tutaitoa timazi mfukoni.